Kuchagua kamera ya filamu ya zamani itakayodumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi, ninunue ipi?

Tafuta kamera ya milimita 35, ya aina ya kioo, yaani ile unayotazama kupitia lenzi yenyewe, iliyotoka kati ya miaka ya 1960 na 1980, ambayo shata yake (pazia linalofunguka kuingiza mwanga kisha kujifunga) inafyatuka hata pasipo betri, ikiwa na lenzi ya milimita 50. Pentax K1000, Nikon FM au FM2, Olympus OM-1, Minolta SR-T 101: yoyote kati ya hizo itakufaa, mradi hiyo moja uliyoishika mkononi iwe nzima. Shida yote imejificha kwenye hilo neno "mradi", na ndilo lililojaza ukurasa huu. Modeli yenye sifa lakini iliyochoka ni kamera mbovu tu. Modeli isiyo na jina, iliyotunzwa pakavu na kufyatuliwa mara moja moja, inaweza kukuzika.

Jambo dogo kabla hatujaendelea: kile kinachoingia ndani ya kamera nitakiita mkanda, tusije tukachanganya na sinema.

Kitu kina miaka hamsini tayari. "Kudumu" maana yake nini hapo?

Watu wengi wakisikia kamera inadumu wanafikiria kuanguka. Wanapenda ule uzito wa chuma mkononi, wanagongagonga kifuniko cha juu kwa kidole, wanaridhika. Lakini kamera za zamani zinazokufa kwa kuanguka ni chache. Nyingi zinakufa kwa kukaa. Grisi inakauka na kugeuka gundi. Sponji ya kuzuia mwanga usivuje inaoza. Betri iliyosahaulika inavuja. Fangasi inaota kwenye lenzi gizani. Waya mmoja mwembamba kama unywele unaliwa na kutu, na kipima mwanga kinanyamaza. Kamera iliyozunguka na mpiga picha wa harusi miaka kumi, yenye rangi iliyochubuka hadi shaba inaonekana, mara nyingi ni nzima kuliko ile inayong'aa iliyolala kwenye mkoba wa ngozi tangu siku iliponunuliwa.

Kwa hiyo mimi napima kudumu kwa maswali matatu. Inafanya kazi bila umeme? Fundi anaweza kuifungua na kuifunga tena bila kuivunja? Na kuna maiti za kutosha za kutolea vipuri? Hilo la tatu watu hulisahau. Viwanda viliacha kutengeneza vipuri vya kamera hizi zamani, kwa hiyo kipuri chako kitatoka kwenye kamera nyingine iliyokufa. K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa mamilioni. Maiti zake ziko nyingi. Kamera adimu haina wa kuichangia damu. Adimu ni ya kuwekwa kwenye rafu na kusifiwa na wageni.

Ya kimakanika au ya kielektroniki?

Ndani ya kamera ya kimakanika kuna springi, gia na vibati. Ukivuta mkono wa kusogezea mkanda unakaza springi ya shata. Ukibonyeza kitufe, springi inaachiwa. Spidi za polepole, yaani shata ikikaa wazi muda mrefu, zinacheleweshwa na kijisaa cha gia, ndicho unachokisikia kikilia "zzzzz" ukipiga kwa sekunde moja. Betri, kama ipo, inalisha kipima mwanga tu. Ikiisha, unakadiria mwanga kwa macho na kazi inaendelea.

Kwenye kamera ya kielektroniki, shata inashikiliwa na sumaku inayosubiri amri ya saketi. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni mfano mzuri: iliuzwa kwa mamilioni, inapiga picha safi, na ndiyo wengi wanakutana nayo kwanza. Ukiitoa betri yake ya volti 6 inabaki kizito cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Minolta X-700 ya 1981 ina ugonjwa unaojulikana: kapasita (kijisehemu kinachotunza umeme) inakufa na kamera inagoma kufyatuka. Huo si msiba, kwa sababu kapasita ni kitu cha kubadilisha kwa chuma cha kulehemia na mkono uliotulia. Msiba ni pale inapokufa saketi kuu. Hakuna anayeitengeneza tena. Tiba pekee ni kung'oa ya kamera nyingine, yenye umri uleule na magonjwa yaleyale.

Sisemi ukimbie kila chenye umeme. Nikon F3 ya 1980 ni ya kielektroniki, ilikaa kwenye uzalishaji kwa takriban miaka ishirini, na waandishi wa habari waliitesa kila mahali. Hata ina kijimkono cha dharura cha kufyatulia kwa 1/60 betri ikiisha. Lakini kama unanunua kamera moja tu, na unataka uwe nayo miaka ishirini ijayo, nenda kwenye springi na gia.

Chuma ni bora kuliko plastiki?

Kwa sehemu tu. Kifuniko cha juu cha AE-1 ni plastiki iliyopakwa ionekane chuma, na kimevumilia vizuri. Plastiki nzuri inaruka pale chuma kinapobonyea. Cha kuangalia ni kile usichokiona: gia za ndani na reli unapopita mkanda. K1000 za mwanzo ni za Japani na zina chuma zaidi. Zile za miaka ya mwisho, zilizounganishwa China, zina plastiki zaidi ndani na nje. Zote zinafanya kazi. Nikipewa kuchagua, nachukua ya mwanzo.

Hizo modeli ulizotaja, kila moja ina siri gani?

Pentax K1000 haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Kinakula betri kila mwanga unapoingia kwenye lenzi, kwa hiyo kifuniko cha lenzi ndiyo swichi. Aliyepoteza kifuniko hununua betri kila mara akidhani kamera ni mbovu. Mbali na hapo ni kamera isiyo na makuu: spidi kutoka sekunde 1 hadi 1/1000, sindano ndani ya kitazamio, basi. Siipendi kwa sababu inapendeza. Naipenda kwa sababu hakuna kitu cha kuharibika ambacho hakikuwa cha lazima.

Kaka yake mkubwa, Pentax Spotmatic ya 1964, hutumia lenzi za kufungwa kwa kuzungusha, zile za M42. Lenzi hizo zimejaa duniani na nyingi ni nzuri ajabu. Saketi ya kipima mwanga chake pia haisumbuliwi sana na volti ya betri, jambo tutakaloliona umuhimu wake hapo chini.

Olympus OM-1 ilibuniwa na Yoshihisa Maitani, na ilipotoka mwaka 1972 iliitwa M-1, mpaka kampuni ya Leica ilipolalamika kuhusu jina. Ni ndogo na nyepesi kuliko wenzake wa wakati ule, na kitazamio chake ni kikubwa hadi unajiona umekaa dirishani. Ugonjwa wake uko juu: sponji iliyowekwa karibu na prizimu (kile kioo cha juu kinachopeleka picha kwenye jicho) inaoza na kula ile rangi ya fedha ya prizimu. Ukitazama na kuona mstari mweusi au madoa ya kahawia yasiyotoka hata ukibadilisha lenzi, hapo ndipo yanapotoka.

Nikon FM ilitoka 1977, FM2 ikafuata 1982 na shata ya kufika 1/4000, spidi ambayo kamera ya kimakanika haikuwa imezoea. Shata zao ni za vibati vya chuma vinavyoshuka wima, si kitambaa kinachopita kwa ulalo, kwa hiyo hazitobolewi na jua. Usiguse vile vibati kwa kidole. Kibati kikijikunja hata kidogo, kazi imekwisha. Nikiambiwa nichague moja ya kudumu kuliko zote kwenye orodha hii, ni FM2. Tatizo la pekee ni kwamba kila mtu anajua hivyo, na wauzaji pia wanajua.

Minolta SR-T 101 ya 1966 ni nzito, haina mvuto, na kwa sababu hiyo watu wanaipita. Waache wapite.

Na za Kirusi? Zenit, Zorki, FED?

Zenit-E ni mfano wa chombo kilichotengenezwa na mtu aliyejua kwamba fundi atakuwa mbali. Haina betri kabisa. Kipima mwanga chake ni cha seleni, kinachojitengenezea umeme kutokana na mwanga wenyewe. Spidi zake ni tano tu, 1/30 hadi 1/500, pamoja na B (shata hubaki wazi muda wote unaobonyeza). Inatoa mlio kama mlango wa stoo. Lenzi yake ya Helios 44-2 watu wanaitafuta hadi leo kuliko kamera yenyewe.

Ubora wake, hata hivyo, unatofautiana: mbili za mfululizo mmoja zinaweza kuwa moja kama saa na nyingine kama debe. Kwa Zorki na FED, kumbuka sheria moja: vuta mkono kwanza, ndipo ubadilishe spidi. Ukibadilisha kabla ya kukaza unaweza kuvunja utaratibu wa ndani, na mtu aliyekuwa nayo kabla yako huenda hakuijua sheria hiyo.

Vipi hizi ndogo za mfukoni na za otofokasi za miaka ya 1990?

Zinapiga vizuri hadi siku zinapokufa. Mota za ndani ni ndogo kama punje, nyaya zake ni za utepe mwembamba unaochoka kwa kukunjwa, na mafundi wengi hawataki hata kuzifungua. Baadhi ya zile kubwa za otofokasi zina mpira wa mgongoni unaoyeyuka na kunata kama lami. Ukipewa bure, pokea na ufurahie. Ukiambiwa utoe fedha ya kamera mbili za kimakanika kwa kamera ndogo moja kwa sababu mtu maarufu alionekana nayo, funga mkoba wako.

Olympus Trip 35 ni ndogo ninayoitetea. Ilitoka 1967, haihitaji betri, na ina spidi mbili tu inazojichagulia. Kuijaribu ni rahisi: funika ile duara ya seleni inayozunguka lenzi kwa kiganja, bonyeza, na kibendera chekundu kinatakiwa kipande ndani ya kitazamio na kamera ikatae kupiga. Ielekeze kwenye mwanga, inapiga. Ikipiga hata ikiwa imefunikwa, seleni au mtambo wake una walakini.

Nimeishika mkononi. Niikague vipi?

Usiwe na haraka, na usiongee sana na muuzaji wakati unakagua. Dakika kumi zinatosha.

Anza na betri, hata kabla ya lenzi. Fungua kile kifuniko cha chini kwa sarafu. Ukiona unga wa kijani au mweupe, betri ilivuja. Unga kidogo kwenye kifuniko unafutika kwa siki kwenye kijiti cha pamba. Unga uliopanda hadi ndani ya kishimo, na kipima mwanga hakisogei, maana yake waya wa ndani umeliwa. Kifuniko kikigoma kabisa kufunguka, chukulia kwamba betri imo ndani na imevuja.

Fungua mgongo. Pita kucha kwenye ile mifereji miembamba ambamo ukingo wa mlango unaingia. Kucha ikitoka na uchafu mweusi unaonata, sponji imeoza. Hili peke yake si sababu ya kuiacha kamera, maana sponji mpya ni kazi ya jioni moja kwa alikoholi, kijiti cha meno na subira. Ila angalia pia sponji ya juu, kinapogonga kile kioo cha ndani. Niliwahi kununua kamera ambayo kioo kilipanda kwenye picha ya kwanza na hakikushuka. Sponji ilikuwa imekuwa gundi, ikakikamata. Nilipokibembeleza kwa kijiti kilishuka na alama nyeusi ambayo sikuifuta, kwa sababu kioo hicho kimepakwa fedha upande wa mbele na kinachubuka hata kwa kitambaa laini.

Mgongo ukiwa bado wazi, tazama shata. Kama ni ya kitambaa, itafute mikunjo na vitundu. Mulika tochi ya simu kutoka upande wa lenzi, chumba kikiwa na giza, na utazame kutoka nyuma: nukta yoyote ya mwanga itakuwa nukta kwenye kila picha. Kisha piga kwa kila spidi, kuanzia ya polepole, mara tatu tatu. Sikiliza. Sekunde moja iwe sekunde moja, nusu iwe nusu. Kamera iliyokaa muda mrefu hukwama hapo, kijisaa kinaanza kulia halafu kinasita katikati kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Wakati mwingine inalegea ukiipiga mara ishirini. Ikilegea, usishangilie, itasita tena baada ya mwezi, maana grisi haijabadilika.

Kwa spidi za juu, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au dirisha, mgongo wazi, lenzi imefunguliwa kabisa, na upige kwa 1/1000 huku ukitazama. Unatakiwa uone mwako wa fremu nzima. Upande mmoja ukiwa na giza, mapazia ya shata hayakimbizani sawasawa, na picha zako zitakuwa na mstari mweusi pembeni.

Sasa lenzi. Izungushe pete ya fokasi. Iwe laini kote, isiwe nyepesi mahali na nzito mahali. Funga tundu la lenzi hadi f/16 (namba kubwa, tundu dogo) na utazame vile vibati vyake. Viwe vikavu. Vikimeta mafuta vitafunga kwa uvivu na picha zitaungua kwa mwanga. Kisha mulika tochi kupitia lenzi kwa mshazari.

Kitu kimoja usikijaribu: kile kijimkono cha kujipiga mwenyewe kwa kuchelewa. Hicho ndicho kinachokwama kwanza kwenye kamera nyingi kuukuu, na kikikwama katikati kinaweza kuifunga kamera nzima. Kama hutakihitaji, kiache kilale.

Natazama kwenye lenzi naona vitu. Ni vumbi au fangasi?

Vumbi ni nukta. Fangasi ina matawi, kama mizizi au utando wa buibui, na mara nyingi huanzia ukingoni. Vumbi lisikunyime usingizi. Kila lenzi ya zamani inalo na halionekani kwenye picha. Fangasi changa husafishika lenzi ikifunguliwa, lakini ikikaa sana hutoa asidi inayokula ule mpako wa kioo, na alama inabaki hata fangasi ikiondoka. Ukungu mweupe sawasawa kama pumzi kwenye dirisha ni kitu kingine: ni mvuke wa mafuta ulioganda ndani, au gundi ya kuunganisha vioo inayoachana. Ule wa kwanza unasafishika. Wa pili, rudisha lenzi ulikoitoa.

Wanasema lenzi nyingine zina mionzi. Ni kweli?

Ni kweli. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, kama Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4, zina kioo chenye thoriamu. Mionzi yake ni midogo na kamera haikudhuru kwa kuitumia. Usilale nayo tu machoni, wala usiivunje na kuipumua. Kinachosumbua ni kwamba kioo hicho hugeuka njano kwa miaka. Ukikiweka kwenye mwanga wa urujuanimno kwa siku kadhaa, njano hupungua sana.

Kamera inataka betri ya zebaki. Nifanyeje?

Betri za zebaki za volti 1.35, zile za PX625 zilizotumika kwenye OM-1, SR-T na nyingine nyingi, haziuzwi tena. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya 1996, na nchi nyingine nazo ziliziacha kwa sababu ya sumu. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5 yenye umbo lilelile, kipima mwanga kitaona mwanga mwingi kuliko uliopo na picha zitatoka na giza kidogo.

Njia ninayoitumia mimi ni betri ya zinki-hewa ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675. Inatoa takriban volti 1.4, karibu kabisa na ile ya zamani. Ni nyembamba kidogo, kwa hiyo unaizungushia kipete cha mpira isicheze. Hudumu wiki chache hadi miezi michache, kwa sababu ukishabandua kile kibandiko inaanza kupumua na haiachi. Njia nyingine ni kuweka betri ya 1.5 na kudanganya kamera kwa kupunguza namba ya ISO, yaani wepesi wa mkanda kupokea mwanga, lakini kosa hilo halilingani kwenye mwanga mkali na hafifu. Kwa mkanda wa negativu linavumilika. Kwa slaidi (mkanda unaotoa picha moja kwa moja, bila negativu) hapana.

Kipima mwanga kimekufa. Niachane nayo?

Kama shata ni nzima na bei imeshuka kwa sababu hiyo, huo ni ununuzi mzuri kuliko yote. Simu yako ina programu za kupima mwanga, na jua lina kanuni yake: jua likiwa kali na kivuli kikikatika vizuri, weka f/16 na spidi inayokaribiana na ISO ya mkanda. Mkanda wa ISO 200, basi 1/250. Mawingu mepesi, f/11. Kivuli kizito, f/4. Mkanda wa negativu unasamehe, hasa ukikosea upande wa kuzidisha mwanga. Baada ya mikanda mitano utajikuta huitazami simu.

Nitajuaje kama spidi ni sahihi kabisa?

Ipige video shata ikifyatuka, mgongo wazi, kwa simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, halafu uhesabu fremu ambazo mwanga ulionekana. Kwa 1/30 utegemee fremu 8 hivi. Kwa 1/60, nne. Kuanzia 1/250 kwenda juu simu haitakusaidia. Usijitese: shata ya kuukuu ikikosea kwa theluthi au nusu ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake) hutaijua kwenye negativu.

Mkanda wa aina gani?

Milimita 35, yaani 135, ambao Kodak waliutoa kwenye kibweta chake mwaka 1934, au 120 wa kamera za fremu kubwa, ulioanza 1901. Hizo mbili zingali zinatengenezwa. Kamera inayotaka mkanda wa APS ni pambo. Mikanda hiyo ilikoma kutengenezwa 2011. Hata kama ni mpya ndani ya boksi.

Tangazo linasema "sijaijaribu, sina betri". Nisome vipi?

Soma kwamba ameijaribu. Kwa kamera ya kimakanika hakuna udhuru, maana inafyatuka bila betri. Mwombe video ya sekunde moja na ya 1/1000, mgongo wazi. Omba pia picha ya kishimo cha betri na ya lenzi ikiwa imemulikwa. "Inafanya kazi kwa kadiri ninavyojua" ni sentensi ya mtu asiyetaka kujua. Na bei ikiwa ya kamera iliyohudumiwa, uliza ilihudumiwa na nani na lini. Kupanguswa kwa kitambaa siyo kuhudumiwa.

Huduma ya fundi ni lazima?

Kama una mpango wa kukaa nayo, iweke kwenye bajeti tangu mwanzo: kusafisha, kutia mafuta mapya, kurekebisha spidi. Kamera ya bei ya chini pamoja na huduma mara nyingi ni bora kuliko ya bei ya juu isiyoguswa tangu itoke kiwandani. Ila kitu kimoja nakuomba: usipulizie ndani mafuta ya kopo, yale ya bawaba za milango. Yanatembea. Leo yamelainisha gia, wiki ijayo yako kwenye shata, mwezi ujao kwenye lenzi. Mafundi wanazijua kamera hizo kwa harufu, na wengine wanazirudisha bila kuzifungua.

Niitunzeje nikiwa siitumii?

Itoe kwenye mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi inatunza unyevu na fangasi inaupenda. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, unyevu ukae karibu na asilimia 40 hadi 50. Toa betri. Acha springi ikiwa imelegea, yaani fyatua kabla hujaiweka. Na mara moja kwa mwezi itoe, ipige kwa spidi zote, zungusha pete zote. Kamera za kitambaa za renjifainda (zisizo na kioo cha ndani, kama Zorki na FED) usiziache zikitazama jua bila kifuniko. Lenzi inalikusanya jua kama kioo cha kuwashia moto na kutoboa pazia.

Nimeinunua. Mkanda wa kwanza niupige vipi?

Weka mkanda wa rangi wa bei nafuu, wa picha 24, na uwe na daftari. Kila picha andika spidi na tundu. Piga ukuta wa matofali kwa tundu lililo wazi kabisa, uone kama lenzi ni kali pembeni. Piga anga tupu kwa 1/500 na 1/1000, maana anga halifichi kitu: shata ikipotoka kidogo utaona upande mmoja umefifia. Piga kitu cha karibu, mita moja hivi, ukifokasi kwenye mstari mmoja, uone kama makali yametua hapohapo. Acha kamera juani dakika kumi katikati ya mkanda. Kama sponji inavuja mwanga, michirizi ya machungwa itajitokeza kwenye fremu hiyo.

Na kila unapovuta mkono, tupia jicho kile kirungu cha kushoto cha kurudishia mkanda. Kinatakiwa kizunguke. Mimi niliwahi kupiga picha thelathini na nane kwenye mkanda wa thelathini na sita, nikajisifu kwamba nimebahatika, na kirungu kilikuwa hakijasogea hata mara moja. Mkanda ulikuwa haujashika kwenye jino la kuvutia. Ulirudi kutoka kusafishwa ukiwa mtupu, mwanzo hadi mwisho.